Nimonia ya kupaliwa na kinywa cha mzee

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta «aspiration», neno wanalolitumia madaktari kwa nimonia ya mtu ambaye chakula au mate yake yameingia mapafuni, utakutana kwanza na tamaa na matarajio, halafu mpumuo wa wanaisimu. Yote hayo hayafai wodini. Wauguzi wa Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, waliosomeshwa kwa Kifaransa, wanalo jina refu la «pneumopathie d'inhalation» kwa ajili ya faili la mgonjwa. Ndugu wakiuliza mzee anaumwa nini, aghalabu hujibiwa kuwa ni kifua, basi. Baina ya jina refu lisiloeleweka na neno fupi lisiloeleza kitu, Kiswahili kina kitenzi chake tangu zamani. Mtoto akinywa maji huku anacheka, yakamwendea vibaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, tunasema amepaliwa. Ugonjwa huu basi ni nimonia ya kupaliwa, na sioni sababu ya kutafuta jina jingine.

Kooni pana njia panda. Umio unapeleka chakula tumboni, koromeo linapeleka hewa mapafuni, na tunapomeza koromeo hupanda, kifuniko chake, ambacho wengine hukiita kidakatonge, kikaliziba kwa sekunde moja hivi. Kwa mtu aliyepata kiharusi, au mwenye ugonjwa wa Parkinson, au mzee aliyepotewa na akili, sekunde hiyo huja kwa kuchelewa. Tonge linakwenda upande wa hewa.

Nimonia nayo ina jina la kale, kichomi, ambalo kamusi za zamani zililiweka kwa maumivu yachomayo ubavuni na kwa ugonjwa wenyewe. Sishauri kulirudisha hapa. Kijana mwenye nimonia huchomwa ubavu, hutetemeka kwa homa, hukohoa makohozi ya rangi ya kutu. Mzee wa miaka 80 anaweza asichomwe popote. Anaacha kula, anasinzia mchana kutwa, anawaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliokufa, pumzi inakwenda mbio, na kipimajoto hakionyeshi kitu. Familia ikisubiri kichomi itasubiri hadi matanga.

Tofauti moja ihifadhiwe kabla hatujaendelea. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, aliandika juu ya wanawake 66 waliopaliwa na vitu vilivyopanda kutoka tumboni wakiwa wamelazwa kwa nusukaputi wakati wa kujifungua. Kilichoumiza mapafu yao zaidi ni asidi ya tumbo. Huko ni kuungua kwa mapafu. Nimonia ya kupaliwa ni ile inayoletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vingi makao yao ni kinywani.

Hapa ndipo kitenzi chetu kinapotupunja kidogo. Anayepaliwa tunamjua kwa kikohozi. Lakini mzee dhaifu anaweza kupaliwa asikohoe hata mara moja, kwa kuwa koo lake limepoteza hisia ya kushtuka. Na mara nyingi hupaliwa usiku, amelala, kwa mate yake mwenyewe, tone kwa tone. Muganga akimwuliza garde-malade, yule ndugu anayeshinda na kulala kando ya kitanda, «Mama, tata alipaliwa wakati wa kula?», atajibiwa kwa uaminifu kabisa, «Hapana, hakukohoa.» Jibu ni la kweli na utambuzi umekwisha kupotea. Kwa hiyo istilahi ya pili lazima iwe karibu na ya kwanza: kupaliwa kimyakimya. Mwalimu anayefundisha moja bila ya pili amefundisha nusu.

Kama anayeua ni mate, basi swali la maana ni mate hayo yamebeba nini. Kila jino lisilosafishwa hujenga ukoga, ule utando wa njano unaonata, na ndani yake bakteria wanaishi kwa mamilioni. Hata mwenye afya huingiwa na mate kidogo mapafuni akiwa usingizini, asipate neno, kwa sababu mate ni safi kiasi na mapafu yana nguvu ya kujisafisha. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowafuatilia wazee ili kuona nani hasa hupata nimonia hii. Shida ya kumeza peke yake haikutosha kuwatambulisha. Waliotangulia katika hatari ni wale waliolishwa na mikono ya wengine, waliosafishwa kinywa na wengine, na wenye meno mengi yaliyooza. Langmore ni mtaalamu wa kumeza. Inatia moyo kwamba ndiye aliyeielekeza taaluma yake kuangalia mswaki.

Wajapani walikuwa wakielekea huko huko. Takeyoshi Yoneyama na wenzake waligawa kwa kura wakazi wa nyumba 11 za wazee katika makundi mawili, wakawafuatilia miaka miwili, na matokeo kamili yakatoka mwaka 2002. Kundi moja liliendelea na mazoea. La pili lilipigwa mswaki na wauguzi au wahudumu kila baada ya mlo, na mara moja kwa wiki akaja daktari wa meno au fundi wake kufanya usafi wa kina. Kati ya 182 wa kundi la mazoea, 34 walipata nimonia na 30 walikufa kwa nimonia. Kati ya 184 waliosafishwa, waliopata ni 21 na waliokufa ni 14. Hakuna dawa mpya iliyotumika, ila baadhi yao walipakwa pia iodini kinywani.

Utunzaji wa namna hiyo una jina ambalo sasa linatafsiriwa «usafi wa kinywa wa kitaalamu». Sikubaliani na tafsiri hiyo kwa maneno yake yote mawili. Usafi wa kinywa, kwa masikio ya msemaji wa Kiswahili, ni jambo la mtu mwenyewe na pumzi yake: unaamka, unapiga mswaki, unatoka. Tunachokizungumza ni kutunzwa, kazi ya mtu mmoja ndani ya kinywa cha mwingine. Utunzaji wa kinywa, basi. Neno «kitaalamu» lina kasoro kubwa zaidi, na kasoro hiyo inaonekana vizuri ukiwa Lualaba kuliko ukiwa Tokyo.

Kwetu nyumba za wazee ni chache mno. Afrika Mashariki zipo zinazofahamika: Sebleni kule Unguja, Nunge ya Kigamboni, Nyumba ya Wazee ya Kasarani jijini Nairobi inayoendeshwa na masista. Lakini ukitaja nyumba ya namna hiyo Musumba, mji wa Mwant Yaav, mfalme wa Walunda, mtu atadhani unasema baraza la wakubwa wa Walunda. Mzee wa Lualaba anazeekea kwa mwanawe. Na wazee hao sasa ni wengi katika mitaa ya Kolwezi, kwa sababu ya historia ya karibu sana. Mwaka 2003, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Pamoja na mshahara waliuacha mlango wa hospitali ya kampuni, uliowatibu wao na familia zao tangu enzi za Union Minière iliyoitangulia. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile amekwisha kupita 70. Mapafu yake yamefanya kazi kwenye vumbi la mgodi, na anayemlisha ni mkwe wake.

Ukimwambia mkwe huyo kwamba baba anahitaji utunzaji wa kinywa wa kitaalamu, umemwambia asubiri mtaalamu. Hatakuja. Madaktari wa meno wa mkoa ni wachache, na aliyepo mjini hana nafasi ya kupita nyumba kwa nyumba kila wiki; Kapanga, mamia ya kilomita kaskazini-magharibi, usiseme. Neno limemfungia nje mtu pekee anayeweza kuifanya kazi.

Nayo kazi yenyewe inafundishika katika mchana mmoja. Mzee anakalishwa wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Akilazimika kulala, alazwe ubavu, kamwe si chali. Meno ya bandia yanatolewa kwanza. Aliyepooza upande mmoja hahisi shavu la upande huo, kwa hiyo bukari na sombe ya mchana inaweza kukutwa imejificha pale jioni, kati ya shavu na ufizi. Inatolewa kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa safi chenye unyevu, huku kidole kikikaa nje ya mstari wa meno ili kisiumwe. Ndipo unakuja mswaki laini wenye dawa ya meno kidogo kama punje ya haragi. Kila jino, ndani na nje, kisha ufizi, kisha ulimi kutoka nyuma kuja mbele. Povu linafutwa, halimezwi, wala mzee hapewi kikombe asukutue kama kumeza kunamshinda, kwani maji yale yale ya kusukutulia yatampalia. Mzee asiye na jino hata moja naye anasafishwa: ulimi na ufizi vinajenga utando vilevile. Akimaliza kula asilazwe kabla ya nusu saa. Usiku meno ya bandia yalale nje ya kinywa. Utafiti wa Tokyo uliochapishwa mwaka 2015, juu ya wazee 524 wenye miaka 85 au zaidi, ulikuta wanaolala nayo wana hatari ya nimonia zaidi ya mara mbili.

Nisizidishe sifa. Huko Connecticut, Marekani, jaribio la wazee 834 katika nyumba 36 lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kukosa faida. Lilihusu mswaki, dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini na kulishwa wima, na matokeo yalitoka mwaka huo huo wa 2015. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalisema ushahidi kwamba utunzaji wa mtaalamu hupunguza vifo vya nimonia upo, lakini ni hafifu. Jaribio linalonishawishi kuhusu jina ni la North Carolina, la mwaka 2020. Halikuleta madaktari wa meno. Liliwafunza wahudumu wa kawaida wa nyumba 7, likawapa programu yenye jina la maana ya kusafisha kinywa bila vita, na nyumba nyingine 7 zikabaki na mazoea. Mwaka wa kwanza nimonia ilipungua karibu theluthi moja. Kwa miaka miwili kwa jumla tofauti haikuthibitika. Watu walifunzwa, wakaanza kwa bidii, bidii ikapoa. Huo ni udhaifu wa usimamizi, na utatukuta hata sisi.

Kwa hiyo ninaandika «utunzaji wa kinywa wa mhudumu aliyefunzwa». Ni jina refu, najua, na wahariri watanung'unika. Lakini linasema nani: muuguzi wa hospitali ya Mwangeji, masista wa Kasarani, mkwe wa Manika au Dilala hapa Kolwezi, yeyote aliyeonyeshwa na kusahihishwa na anayejua kwa nini anafanya. «Mtaalamu» libaki kwa daktari wa meno anayekuja kung'oa jino bovu na kukwangua ukoga uliogeuka jiwe, kazi ambayo mswaki hauiwezi.

Shule za uuguzi za Lualaba, mnaofundisha kwa Kifaransa na kuhudumia kwa Kiswahili: ongezeni maneno haya matatu kwenye daftari za wanafunzi wenu, nimonia ya kupaliwa, kupaliwa kimyakimya, na utunzaji wa kinywa wa mhudumu aliyefunzwa. Na mzee anaporuhusiwa kurudi nyumbani, garde-malade wake asitoke wodini kabla hajapiga mswaki kinywa kile mbele ya muuguzi.