Ustahimilivu wa dawa

Ustahimilivu wa dawa ni hali ya mwili kuitikia dawa kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo baada ya kuitumia mara kwa mara, hata kipimo kilekile kisitoshe tena. Ni tofauti na usugu wa dawa, ambapo vijidudu ndivyo vinavyobadilika, si mwili wa mgonjwa. Pia si sawa na uraibu: mgonjwa wa saratani anaweza kuhitaji kipimo kikubwa zaidi cha dawa ya maumivu bila kuwa mraibu.

Jinsi unavyotokea

Dawa nyingi hufanya kazi kwa kushikamana na vipokezi, yaani protini ambazo aghalabu ziko kwenye utando wa seli. Mfano ni mofini, inayotokana na afyuni. Mofini hushikamana na vipokezi vya seli za neva ambavyo kwa kawaida hupokea endofini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Hapo seli hupunguza kupitisha ishara za maumivu.

Kipokezi kikichochewa kwa muda mrefu, vimeng'enya hukiongezea fosfati, kisha protini nyingine hukizuia kisifanye kazi. Kwa dawa fulani, vipokezi huvutwa ndani ya seli. Baadhi hurudishwa na baadhi huvunjwa. Vilevile seli huimarisha vimeng'enya vilivyokuwa vikizuiwa na mofini. Ndiyo sababu dawa ikikatizwa ghafla, seli hizo hufanya kazi kupita kiasi, na mtu hupatwa na kuhara, jasho, maumivu na kukosa usingizi.

Tofauti kati ya athari

Ustahimilivu haulingani kwa athari zote. Kichefuchefu na kusinzia kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo huendelea. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia mofini kwa muda mrefu huandikiwa pia dawa ya kulainisha choo.

Hatari

Mtu akiacha dawa, ustahimilivu wake hupungua. Heroini hugeuka mofini mwilini; kwa hiyo aliyeiacha kwa wiki kadhaa, kwa mfano akiwa gerezani au hospitalini, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua na kufa. Naloksoni, dawa inayoziba vipokezi hivyo, inaweza kumwokoa ikitolewa mapema.