Epoksi ilianzia kinywani

Wiki hii kodi nimeziweka kando, natafuta resini ya epoksi ya kumimina mpini wa kisu. Kabla ya kufungua pochi nikachimba historia yake.

Miaka ya 1930 Pierre Castan, mkemia wa Uswisi katika kampuni ya De Trey, alitaka plastiki ya meno ya bandia isiyosinyaa sana inapoganda. Meno yakisinyaa hayakai kwenye ufizi! Kampuni ya Ciba ya Basel ikanunua haki za uvumbuzi huo, na mwaka 1946 ikatoa Araldite, gundi ambayo mafundi wetu wanaijua vizuri. Kule Marekani, Sylvan Greenlee alifika karibu palepale akitafuta rangi za kupaka.

Basi gundi, rangi na kitu cha kumimina vyote vinaitwa epoksi, lakini si kitu kimoja. Ya gundi, inayoganda kwa dakika tano, ukiimimina nene hujipasha moto yenyewe na inaweza kupasuka. Mimi nachukua ya kumimina, inayoganda polepole, hata nikisubiri siku mbili. Na ukizidisha dawa ya kugandisha huharakishi chochote; mpini hubaki laini. Mizani nimeshaazima.