Kutakata: Toba na Utakatifu Korogwe na Handeni

Dhambi na toba ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu. Utakatifu haukutoka huko. Umezaliwa na kitenzi kutakata, kile kile tunachokitumia kwa nguo iliyofuliwa ikang'aa au kwa anga baada ya mvua. Maneno hayo Askofu Edward Steere aliyakuta Unguja, akayatumia katika Agano Jipya lililochapishwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, wakayapeleka bara: Magila kwanza, kisha Korogwe, kisha Kideleko ya Handeni, katika Uzigua.

Huko yalikutana na swali gumu. Waraka wa Kwanza wa Yohana unasema, katika sura ya 1, kwamba anayejidai hana dhambi anajidanganya. Katika sura ya 3 unasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Basi Mkristo anayeanguka katika kosa lile lile mwaka hadi mwaka ni nani? Wafasiri wengi hujibu kwa sarufi ya Kigiriki: kitenzi cha sura ya 3 kinahusu kuishi dhambini kama mazoea, si kujikwaa. Jibu hilo ni zuri, ila halimtoshi mtu aliyekwisha kuzoea.

UMCA, yenye mapokeo ya Kikatoliki ndani ya Uanglikana, iliweka kitubio. Mtu aliungama faraghani kwa padri, akaondolewa dhambi, akarudi tena alipoanguka. Kosa la wazi lilimtenga na Komunyo mpaka apatanishwe. Njia hiyo ilikuwa na huruma kubwa. Lakini katika ndoa ilikuwa na ukali ambao mimi siwezi kuutetea: Mkutano wa Lambeth wa 1888 ulikataza kumbatiza mume wa wake wengi, akabaki mkatekumeni. Alipoamua kumwacha mke mmoja ili abatizwe, gharama ya utakatifu wake aliilipa mwanamke.

Frank Weston wa UMCA, askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki Hegongo mwaka 1924, alilitanua neno dhambi. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kukemea kazi za shuruti walizolazimishwa Waafrika nchini Kenya. Kwake, serikali nayo iliweza kuzoea uovu, nayo iliitwa kutubu.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifuata njia nyingine. Wafuasi wake, Walokole, waliungama hadharani, wakataja siku waliyookoka. Ulienea Uganda, Bukoba na Dodoma, lakini katika maeneo ya UMCA haukushika kwa nguvu hiyo. Naona sababu mojawapo ni kwamba mlango wa kuungama ulikuwa tayari wazi pale, na aliyeupita hakuulizwa tarehe ya wokovu wake. Aliulizwa amefanya nini tangu alipopiga magoti mara ya mwisho, akajibu, akapewa malipizi, akaenda nyumbani akijua kwamba kabla ya Pasaka ijayo atarudi.