Mtoto Akibadilika Ghafla: Funzo Kutoka Mahenge

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumzie mtoto anayelala akiwa mzima na kuamka mtu mwingine.

Ana miaka saba. Jana alikuwa akicheza mpira uwanjani. Leo anapepesa macho bila kukoma, anatikisa bega, ananawa mikono mpaka ngozi inachubuka, anaogopa kulala peke yake na mwandiko wake shuleni umeharibika. Mwalimu anaona ukaidi na kuchukua fimbo. Jirani ananong'ona kwamba mtoto amechezewa. Bibi anataka apelekwe kwa mtaalamu wa mapepo. Baba anasema ni deko, ataacha mwenyewe. Kila mmoja ana jibu, lakini hakuna aliyeuliza swali: wiki chache zilizopita mtoto huyu aliumwa nini?

Kabla ya kurudi kwa mtoto huyu, nawaomba tufunge safari ya kihistoria hadi mkoani Morogoro, kwenye bonde la Kilombero. Pale Ifakara, mwaka 1957, Waswisi wakiongozwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel walifungua maabara ndogo ya utafiti, ambayo leo tunaijua kama Taasisi ya Afya Ifakara. Hapo walichunguza papasi, mbung'o na vijidudu vinavyobebwa nao. Ukivuka mto Kilombero, siku hizi kwa daraja na zamani kwa kivuko, ukapanda milima, unafika Mahenge, nchi ya Wapogoro. Huko ndiko kulikokuwa na fumbo ambalo halikuonekana kirahisi kwenye darubini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Jilek-Aall. Alishangazwa na wingi wa watu wenye makovu makubwa ya moto usoni, mikononi na miguuni. Walikuwa wagonjwa wa kifafa walioangukia motoni. Jina lenyewe la ugonjwa linatokana na kufa. Watu waliamini kuwa mate ya mgonjwa yanaambukiza, kwa hiyo alikula kwenye chombo chake na kukaa pembeni. Akianguka motoni, wengi waliogopa kumgusa. Tusiwacheke watu wa Mahenge kwa hilo, maana hofu hiyo ipo hadi leo hata katika vituo vyetu vya mabasi hapa mjini. Abiria akianguka na kutoa povu, hesabu wangapi wanarudi nyuma.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa yake kuu ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei nafuu. Pamoja na kutibu aliandika: nani anaumwa, alianza lini, ndugu zake wakoje, kabla ya hapo alikuwa na nini. Katika maandishi yake ya miaka ya 1960 alieleza watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia, na wengi wao baadaye wakapata kifafa kamili. Wenyeji walisema mtoto "amesinzia kichwa". Dunia haikujali sana. Ilishtuka miaka mingi baadaye, watoto wengi walipoonekana na hali hiyo Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Mwaka 1992 zilichapishwa tafiti mbili ambazo Mtanzania yeyote anapaswa kuzijua. Ya kwanza, ya Dakta Rwiza na wenzake, ilihesabu watu 18,183 katika vijiji 11 vya Wilaya ya Ulanga. Katika kila watu 1,000, takriban 10 walikuwa na kifafa. Lakini vijiji havikulingana: kimoja kilikuwa na watano kwa 1,000, kingine 37. Ya pili iliwafuatilia wagonjwa 164 wa ile kliniki kwa miaka 30. Theluthi mbili walikuwa wamekufa, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: mfululizo wa degedege usiokatika, kuungua, kuzama majini.

Sasa tujiulize, kwa nini kijiji hiki watano na kile 37? Kama ni laana, mbona inachagua vijiji? Jibu lilianza kuonekana kwenye mito. Mahenge ina mito ya milimani iendayo kasi, na kwenye maji hayo huzaliana inzi mweusi anayeeneza minyoo ya ugonjwa wa usubi, ule unaopofusha macho. Tafiti za miaka ya karibuni zimekuta kifafa kingi zaidi katika vijiji vya ndani vilivyoathirika sana na usubi, kama Mdindo na Msogezi, kuliko vijiji vilivyo karibu na mji.

Limebaki swali gumu: mnyoo unaokaa kwenye ngozi unaathirije ubongo? Mwaka 2017 kundi la watafiti lilitoa wazo kwamba askari wa mwili wanaotengenezwa kupambana na mnyoo huo wanachanganyikiwa na kushambulia pia chembe za ubongo zinazofanana nao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wazo hilo bado linabishaniwa. Wapo watafiti waliochunguza baadaye na hawakuridhika.

Lakini lina ndugu yake mkubwa, na hapo ndipo tunaporudi kwa yule mtoto wetu wa mjini. Tangu mwaka 1686 daktari Mwingereza Thomas Sydenham alieleza watoto ambao viungo vyao hucheza vyenyewe bila kutulia. Baadaye ilikuja kueleweka kwamba ugonjwa huo hufuata maambukizi ya koo ya bakteria waitwao streptokoki, hao hao ambao, wasipotibiwa, huweza kuharibu valvu za moyo. Mwaka 1998 daktari Susan Swedo wa Marekani na wenzake walieleza habari za watoto 50 waliobadilika ghafla baada ya maambukizi hayo: hofu, kurudiarudia mambo bila kujizuia, na mishtuko ya misuli ya uso na mabega. Askari wa mwili walitumwa kooni, wakaenda kupigana kichwani.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Madaktari wenyewe hawajaafikiana kuhusu ugonjwa huu, na hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha. Kipimo cha koo au cha damu huonyesha tu kwamba streptokoki wapo au walipita, na hao hupita kwa watoto wengi wa shule bila kuacha kisa. Kwa hiyo daktari huangalia mambo kwa pamoja: mabadiliko yalikuja ghafla au polepole? Yalifuata koo? Yanakuja na kuondoka? Tena huondoa kwanza mengine: malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo, kifafa, sumu, hata mtoto kufanyiwa ukatili nyumbani. Na akiona viungo vinacheza, husikiliza moyo.

Nalisema hili kwa sababu watu wa mjini tuna ugonjwa wetu. Tukiacha kusema pepo, tunadaka jina jipya la kigeni na kulibandika kwa kila mtoto. Huko nako ni kujibu kabla ya kuuliza, na mtoto ndiye anayeumia.

Funzo la Mahenge ni kuuliza, kuandika, na kutibu kinachotibika wakati sababu bado inatafutwa. Yule daktari hakujua usubi unahusika vipi, lakini hakungoja kujua ndipo atoe kidonge. Nasi tufanye hivyo. Mtoto akiwa na koo lenye homa na maumivu ya kumeza, apimwe, na akiandikiwa dawa amalize dozi, asiachie siku ya pili alipopata nafuu. Akibadilika ghafla, mzazi chukua daftari uandike tarehe, aliumwa nini kabla, umeona nini, kisha mpeleke hospitali na daftari hilo. Mwalimu, weka fimbo chini, mwite mzazi.

Wapo watu Mahenge ambao makovu yao yasingekuwepo kama jirani angewashika mkono kwa wakati. Tuwashike wetu.

Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.