Mtembeza Wageni wa Unguja na Bakuli la Urojo

Nyinyi mliokaa darasani na karatasi hii mkononi, fuateni maneno kwa kidole, polepole. Leo twaenda Unguja, katika Mji Mkongwe. Atakayetuongoza ni bwana mmoja ambaye kazi yake ni kutembeza wageni. Jina lake hakupenda litajwe.

Bwana huyu alizaliwa Ng'ambo. Litazameni neno hilo. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Lakini ukienda huko leo huyaoni maji, waona barabara na maduka. Alipokuwa mtoto alimwuliza bibi yake, "Ng'ambo ya nini?" Bibi akamweleza kwamba zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na vibanda vya watu maskini, na watu walivuka kwa daraja. Ndiyo maana soko lililojengwa hapo mwaka 1904 huitwa Darajani. Maji yalifukiwa kidogo kidogo, mpaka yakaisha katika miaka ya 1950. Tangu siku ile mtoto yule akashikwa na ugonjwa wa kuuliza majina ya mitaa, na hajapona.

Asubuhi hupenda kunywa kahawa barazani, mtaa wa Soko Muhogo. Muuza kahawa humimina kutoka katika dele, nawe watafuna kashata. Siku moja mgeni aliuliza, "Chakula cha asili cha hapa ni kipi?" Watu wa baraza wakajibu kwa sauti moja: muhogo! Si mtaa wenyewe umeitwa hivyo?

Bwana wetu akatikisa kichwa. Muhogo, alisema, asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliouleta Afrika, katika karne ya 16. Mzee mmoja alikasirika sana, akasema babu zake walikula muhogo tangu dunia kuumbwa. "Babu zako walikula, mzee wangu, sikatai," akamjibu. "Lakini babu wa babu zao hawakuujua." Wataalamu waliochimba magofu ya Pemba wamekuta punje za uwele zilizoungua, na katika tabaka za baadaye, mpunga kwa wingi. Muhogo haumo. Mzee hakumjibu, wala hakumlipia kahawa siku ile.

Jioni huwapeleka wageni Forodhani, mbele ya Beit el Ajaib. Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili. Forodha ni mahali pa kulipia ushuru wa bidhaa. Lakini yeye mwenyewe hali pale. Asema bei ni ya wageni. Urojo wake hununua kwa mama mmoja wa uchochoroni. Mtazameni akila: bajia za dengu zimetoka kwa Wahindi, viazi, pilipili na chipsi za muhogo, asili yake ni Amerika, embe bichi la kutia ukali, asili yake ni Bara Hindi, nazi ni ya pwani. Bakuli moja, na bahari mbili zimo ndani.

Siku ya Ijumaa hula pilau katika hoteli ndogo ya Mkunazini. Hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa mahali pake. Akiiona karafuu katika wali huiweka kando ya sahani, awaonyeshe wageni. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na waliopanda na kuchuma katika mashamba makubwa walikuwa watumwa. Soko lilifungwa, lakini mashambani utumwa uliendelea. Amri ya kuuondoa katika sheria ilitoka mwaka 1897 tu. Mambo haya huyasema kabla watu hawajaanza kula. Mimi ningengoja washibe kwanza. Yeye asema mtu akishashiba hasikii.

Sasa toeni daftari zenu. Andikeni majina matatu ya mitaa au vijiji vilivyo karibu nanyi. Kisha mwendeeni mtu mzima, mumwulize kila jina lilitoka wapi, na chakula gani kililiwa hapo zamani. Majibu tutayasoma juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.