Uvuvi wa mashindano: Siku tano ziwani, kilo nyingi na hesabu ya pointi

MASHINDANO ya kuvua samaki kwa mshipi ni mchezo wenye wafuasi wengi nchini Uingereza, ingawa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako uvuvi ni riziki kabla ya kuwa burudani, jambo hilo huenda likaonekana la ajabu. Samaki huvuliwa, hupimwa kwenye mizani, kisha hurudishwa majini wakiwa hai. Hakuna anayeenda nao nyumbani.

Ajabu kubwa zaidi imo katika mashindano yanayochukua siku kadhaa mfululizo, aghalabu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Katika mashindano hayo, mtu anaweza kuvua kilo nyingi kuliko wenzake wote kwa jumla, na bado akashindwa. Ili kuelewa sababu, sharti kwanza kufahamu samaki wanaovuliwa, maziwa yenyewe na jinsi ushindi unavyohesabiwa.

Samaki wa maji baridi wa Uingereza hugawanywa katika makundi mawili makuu. La kwanza ni la samoni na trauti, ambao tangu zamani walihesabiwa kuwa samaki wa wenye mali na mashamba makubwa. Trauti hao ndio walowezi waliowaleta katika mito ya milima ya Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Kundi la pili ni la samaki wa kawaida, ambao mtu yeyote mwenye ufito na chambo aliweza kuwavua katika mito, mifereji na mabwawa. Miongoni mwao ni karpi, brimu, rochi na tenchi.

Karpi si mgeni kwa Wakenya. Ndiye samaki aliyeonekana katika Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akaongezeka upesi hadi akawa tegemeo la wavuvi wa ziwa hilo. Ni samaki mwenye nguvu, anayestahimili maji ya matope na anayekula karibu kila kitu. Sifa hizo ndizo zilizomfanya apendwe na wenye maziwa ya mashindano.

Maziwa ya kuchimbwa

Ubingwa wa kitaifa wa uvuvi nchini Uingereza ulianza mwaka 1906, na kwa miongo mingi mashindano makubwa yalifanyika katika mito na mifereji. Wavuvi walipangwa kandokando ya maji kwa umbali wa kilomita kadhaa, na wengi walirudi nyumbani na gramu chache tu, au mikono mitupu.

Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, wakulima na wafanyabiashara walianza kuchimba mabwawa na kuyapandikiza samaki kwa wingi, kisha kuwatoza wavuvi ada ya siku. Sheria nayo ilisaidia. Tangu mwaka 1878, uvuvi wa samaki wa kawaida ulikuwa ukifungwa kila mwaka kuanzia Machi 15 hadi Juni 15 ili samaki wapate kuzaa. Mwaka 1995 marufuku hayo yaliondolewa katika maziwa na mabwawa mengi, ingawa mito iliendelea kufungwa. Biashara ya mabwawa ikaweza kuendeshwa mwaka mzima.

Miongoni mwa mahali palipojipatia jina kwa mashindano ya wiki nzima ni White Acres, katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Hapo pana maziwa kadhaa katika kijiji kimoja cha mapumziko, yakiwemo Trelawney, Pollawyn, Twin Oaks na Bolingey. Mvuvi huweza kuja na jamaa yake, akalala hapo hapo, na kila asubuhi akaenda ziwa tofauti.

Katika maziwa ya aina hii karpi huishi pamoja na F1, chotara aliyetokana na karpi na jamaa zake wadogo. F1 hakui sana kama karpi, lakini huendelea kula hata maji yanapokuwa baridi, na kwa sababu hiyo hutegemewa sana miezi ya kipupwe.

Kura ya asubuhi

Kila siku ya mashindano huanza kwa kura. Kandokando ya ziwa huwa kumewekwa vigingi vyenye nambari, na mvuvi hukaa pale tu nambari yake ilipoangukia. Harusiwi kuhama hata kama samaki wanaruka mbele ya jirani yake.

Kura hiyo ina uzito mkubwa. Kigingi kilicho karibu na kisiwa au matete huwa na samaki wengi. Kigingi cha mwisho wa safu ni bora kuliko cha katikati, kwani upande mmoja hakuna mshindani anayegawana samaki nawe. Upepo ukivuma siku kadhaa kuelekea upande mmoja, mara nyingi karpi huufuata. Basi kuna watu ambao siku yao hujulikana nusu kabla hawajatia ndoana majini.

Baada ya kura, washindani hupewa muda wa kutayarisha vifaa. Kwa kawaida kipenga hupulizwa asubuhi, kama saa nne, na uvuvi huendelea kwa muda wa saa tano hivi, mpaka alasiri. Kipenga cha mwisho kikilia, samaki ambaye bado hajatiwa mikononi kwa mujibu wa kanuni hahesabiwi.

Chombo kikuu ni ufito wa nyuzi za kaboni, ambao huunganishwa vipande hadi ukafikia urefu wa mita 13 au hata 16. Hauna rili. Mshipi hufungwa kwenye ncha yake, na ndani ya ncha hiyo hupitishwa uzi wa mpira unaonyumbuka samaki anapovuta. Ufito wa daraja la juu hugharimu maelfu ya pauni. Wapo pia wanaotumia fimbo fupi yenye rili, wakirusha mbali kikapu kidogo kilichojazwa chambo.

Chambo chenyewe ni vitu vya kawaida: mabuu, nyungunyungu, punje za mahindi matamu, vipande vya nyama ya kopo na vidonge vidogo vya lishe ya samaki. Siri haimo katika aina ya chambo pekee, bali katika kiasi kinachomwagwa. Chambo kingi huwashibisha samaki kabla ya kuinasa ndoana. Kichache huwaacha wahamie kwa jirani.

Mvuvi stadi huandaa sehemu tatu au nne za kuvulia. Huanza mbali, ambako samaki hujificha asubuhi kwa kuogopa kelele. Saa ya mwisho hurudi karibu na ukingo, kwenye kina cha magoti tu, kwani jioni inapokaribia karpi wakubwa huja kutafuta mabaki miguuni pake. Si mara chache mtu kupata nusu ya samaki wake wote katika dakika 60 za mwisho.

Hesabu ya ushindi

Kama mashindano yangekuwa ya siku moja, kura ingeweza kuamua kila kitu. Mashindano ya siku nyingi yamebuniwa ili kuipunguza nguvu ya bahati. Washindani hugawanywa katika makundi, tuseme watu kumi kwa kila kundi, walioketi sehemu moja ya ziwa na wenye nafasi zinazokaribiana. Anayeongoza kundi lake hupata pointi 1, wa pili 2, na kuendelea hadi wa kumi. Kila siku makundi huhamia maji mengine. Mwishoni pointi hujumlishwa, na mwenye pointi chache zaidi ndiye mshindi.

Tuchukue mfano wa wavuvi wawili. Wa kwanza avue kilo 90 Jumatatu, 70 Jumanne na 65 Jumatano, akiongoza kundi lake siku zote tatu. Alhamisi apate kigingi kibaya, avue kilo 12 na kuwa wa nane. Ijumaa avue kilo 18 na kuwa wa sita. Jumla yake ni kilo 255, na pointi 17.

Wa pili asiongoze kundi hata siku moja. Avue kilo 40, 35, 38, 30 na 32, akiwa wa pili, wa tatu, wa pili, wa pili na wa tatu. Jumla yake ni kilo 175, na pointi 12. Huyu ndiye mshindi, ijapokuwa amezidiwa kwa kilo 80. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, baadhi ya waandalizi humruhusu kila mshindani kufuta siku yake mbaya zaidi. Kanuni hiyo ikitumika katika mfano wetu, wa kwanza hufuta pointi 8 na kubaki na 9. Wa pili hufuta 3, naye pia hubaki na 9. Wakilingana hivyo, kwa kawaida uzito ndio huamua, na ushindi humwendea yule wa kwanza. Samaki ni wale wale, lakini kanuni moja imebadilisha mshindi. Kwa sababu hiyo wazoefu husoma masharti ya mashindano kabla ya kununua chambo.

Kanuni hizo pia hubadilisha mwenendo. Anayejua kwamba siku zote tano zinahesabiwa huogopa kubahatisha. Akipewa kigingi dhaifu, haoni haya kuwaacha karpi wakubwa na kuvua rochi wadogo mmoja mmoja, ili tu awe wa nne badala ya wa tisa. Nafasi hizo tano alizookoa Jumanne zinaweza kumpa taji Ijumaa. Bila shaka uchovu nao ni mshindani: kuushika ufito wa mita 13 kwa saa tano, siku tano, katika mvua na jua, huuma mgongo na kupunguza umakini.

Samaki nao hujifunza. Siku ya kwanza hula bila wasiwasi. Kufikia siku ya nne, wengi wamekwisha kunaswa au kusikia vishindo ukingoni, na huanza kukiepuka chambo walichokizoea. Aliyeshinda Jumatatu kwa mbinu moja asipobadilika, Alhamisi humshangaza.

Mfumo wa pointi za makundi hutumika hata katika ubingwa wa dunia, ambao huamuliwa kwa siku mbili. Mwingereza Bob Nudd alitwaa taji hilo la mtu mmoja mmoja mara nne, miaka ya 1990, 1991, 1994 na 1999, katika maji ya nchi tofauti. Mafanikio kama hayo hayaelezeki kwa kura nzuri peke yake.

Uhai wa samaki

Bwawa lililojaa samaki ni mali, na mwenye mali huilinda. Kila mvuvi mwenye umri wa miaka 13 au zaidi sharti awe na leseni ya uvuvi ya serikali. Juu ya hiyo, kila mahali pana masharti yake. Maziwa mengi hutaka ndoana isiyo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, ili mdomo usiraruke. Nyavu hutumbukizwa katika dawa ya kuua viini kabla ya kutumiwa, kwa kuwa ugonjwa ukiingia bwawani unaweza kuangamiza karpi wa miaka mingi. Nazo chubwi ndogo za risasi zilipigwa marufuku kuuzwa mwaka 1987, baada ya kubainika kwamba bata maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Samaki waliovuliwa huwekwa katika wavu mrefu uliozamishwa majini mpaka wakati wa kupimwa. Kwa vile msongamano huwadhuru, maziwa mengi huweka kikomo cha uzito kwa kila wavu, kwa mfano kilo 23. Kinachozidi hapo hakihesabiwi, na kwingine wavu wote hufutwa. Mvuvi basi hulazimika kukadiria uzito wa kila samaki kwa macho, na kuhamia wavu wa pili mapema. Wako waliopoteza wiki nzima kwa kukosea hesabu hiyo.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa joto. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba zaidi ya miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25, kiasi hicho hushuka hadi miligramu 8 hivi. Samaki waliochoshwa na ndoana huhitaji hewa zaidi wakati ambapo maji yana hewa kidogo. Ndipo wenye maziwa huwasha mitambo ya kuyavuruga maji, hupiga marufuku nyavu za kuhifadhia, au huahirisha mashindano kabisa.

Jioni ya Ijumaa mizani hupita kigingi kwa kigingi kwa mara ya mwisho. Wavu huinuliwa, uzito huandikwa, na samaki hurudi majini mbele ya macho ya aliyewavua. Kinachobaki ni karatasi ya pointi. Juu kabisa huwa jina la mtu ambaye huenda hakuvua samaki mkubwa kuliko wote, wala hakuongoza siku hata moja, ila siku zake mbaya hazikuwa mbaya mno.