Taji Juu ya Duara: Bunduki Tatu za Urithi

Ami yangu alipofariki hapa Maskati, warithi wake walikubaliana upesi juu ya nyumba na fedha. Kilichowatia ubishi ni bunduki tatu zilizotundikwa ukutani barazani. Binamu mmoja alitaka ile ndefu ipelekwe kwa sonara, avue bangili za fedha zilizoizunguka kasiba yake. Mwingine alikwisha kununua msasa na dawa ya kutolea kutu. Shangazi, aliyezaliwa Unguja na ndiye mkubwa wetu aliyebaki, alisema hakuna mtu wa kuigusa ile ya katikati, kwa kuwa marehemu baba yake alimwambia kuwa iliingia Unguja zama za Seyyid Said. Kazi ya kuamua nikapewa mimi, si kwa ujuzi wa silaha bali kwa kuwa nimezoea kukaa na makaratasi ya kale.

Jambo la kwanza halikuwa la historia. Bunduki ya kushindiliwa mdomoni yaweza kukaa na baruti tumboni kwa miaka mingi bila mtu kujua, na njia ya kuipima ni ya zamani kama bunduki yenyewe: mdeki hutumbukizwa ndani ya kasiba mpaka ugote, hutiwa alama pale mdomoni, kisha hulazwa nje ya kasiba kuona ncha yake ilifika wapi. Ikifikia tundu la moto, ndani hamna kitu. Katika ile ya katikati mdeki uligota shubiri nzima kabla ya tundu. Watoto wa nyumba ile, nami nikiwamo, tulikuwa tukipanda kiti kuichezea. Fundi mwenye kibali ndiye aliyeizibua, akatoa baruti iliyoganda kama makaa na tambara zito la pamba, la aina ile ambayo bibi zetu waliiita merikani. Hapakuwa na risasi. Hilo la risasi nitalirudia.

Kiswahili kina jina kwa kila hatua ya chombo hiki. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi. Gumegume hutoa cheche kwa jiwe. Ya fataki hulipuliwa kwa kikofia kidogo cha shaba. Na ya viasi hutiwa risasi kwa nyuma. Zote zinazoshindiliwa mdomoni watu wa pwani waliziita magobori, na wengine makorofindo. Mwenye kurithi silaha akiwa na maneno haya tu amekwisha kupata nusu ya elimu inayomfaa. Ila maneno haya humdanganya pia, kwa sababu humfanya adhani kwamba hatua zilifuatana kama ngazi, na kwamba bunduki ya jiwe ni lazima iwe kongwe kuliko ya viasi.

Ile ndefu ni ya mrao. Waomani huiita abu fatila, baba wa utambi. Ukivuta kifyatulio, mkono mwembamba wa chuma huinama na kukigusisha kibakuli cha baruti ule utambi unaowaka. Kasiba za bunduki hizi mara nyingi zilitoka Uajemi, Uturuki au Bara Hindi, zikatiwa mti na fedha na mafundi wa Oman, kwa hiyo kuuliza bunduki nzima ina umri gani ni kuuliza swali lisilo na jawabu moja. Iliendelea kutumika bara ya Oman hata ndani ya karne ya 20. Kumvulia fedha yake ni kumvua mtu jina. Nilimwambia hivyo binamu, akanuna, lakini akaniachia.

Ya katikati ndiyo iliyonila siku nyingi. Ni gumegume. Juu ya bamba la mtambo pana taji na neno TOWER, alama ya ghala la silaha la serikali ya Kiingereza katika ngome ya London, na hapo ndipo hadithi ya ukoo ilipopata nguvu. Seyyid Said alikuwa na urafiki na Waingereza. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV manowari nzima, Liverpool. Mtu aliyetoa merikebu hashindwi kupewa bunduki. Lakini neno lile la TOWER lilinakiliwa mno na watengenezaji wa bunduki za biashara, kwa kuwa wanunuzi waliliamini, kama leo mtu anavyoamini nembo ya kiatu. Alama ya kuaminiwa zaidi haiko kwenye bamba bali kwenye kasiba, kwa sababu huwekwa na nyumba ya majaribio baada ya chuma kupimwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida.

Nilisafisha ubavu wa kasiba kwa mafuta na kitambaa, si kwa msasa. Ikatokea duara yenye umbo la yai, ndani yake herufi E, L na G na nyota, na juu ya duara taji dogo. Hiyo ni alama ya Liège, mji wa Ubelgiji uliokuwa ukiuuzia ulimwengu bunduki nzuri na mbovu. Duara ile ni ya tangu mwaka 1810. Taji liliongezwa mwaka 1893. Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856.

Basi kwa nini mtu wa Ubelgiji, baada ya 1893, majeshi ya Ulaya yakiwa na bunduki za kufyatua risasi mfululizo, aketi kutengeneza bunduki ya jiwe? Wengi watajibu kwa haraka kwamba Afrika ilipewa makapi kwa kuwa haikujua zaidi. Si kweli. Kabla ya hapo pwani yetu ilikuwa ikipokea silaha za kila namna. Balozi wa Uingereza mjini Unguja, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka kupitia pwani ya mashariki, na kilichomtia hofu ni kuwa wenyeji wangekuwa na bunduki bora za viasi siku wazungu watakapokuja kutawala. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, ukatiwa saini Mkataba wa Brussels, ambao jina lake ni la kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki zenye mifuo na za viasi katika Afrika baina ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini, isipokuwa kwa kibali. Gumegume za kasiba laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango kwa masharti. Bunduki yetu ni mtoto wa mlango huo. Jiwe lake halisemi ujinga wa mnunuzi; linasema sheria ya muuzaji. Chini ya masizi ya mti wake nimeona hata mabaki ya ile rangi nyekundu ambayo Liège ilizipaka bunduki za kwenda Afrika.

Ya tatu yathibitisha hayo kwa upande wa pili. Ni Martini-Henry ya viasi, na maandishi yake hayana fumbo: taji, V.R., ENFIELD, 1880, na II, yaani namna ya pili. (Ukiona V.R. pamoja na mwaka wa baada ya 1901, jua umeuziwa bandia. Malkia Victoria alikufa Januari mwaka huo.) Pana pia mishale miwili inayoelekeana ncha kwa ncha, ambayo maana yake ni kuwa jeshi la Uingereza liliitoa kazini na kuiuza. Maskati haimo Afrika, wala haimo ndani ya digrii zile. Ufaransa ililinda biashara ya raia wake hapa, na mji huu ukawa soko kubwa la bunduki zilizokwenda Uajemi, Afghanistan na mpaka wa Bara Hindi, mpaka manowari za Kiingereza zilipoifunga njia na Sultan Faisal bin Turki akafungua ghala la kuzidhibiti mwaka 1912. Bara ya Oman haikulipenda ghala hilo, nalo ni moja ya mambo yaliyotangulia uasi wa 1913.

Kwa hiyo bunduki iliyo kongwe kwa sura, ile ya jiwe, ni changa kuliko ya viasi kwa miaka 13 au zaidi. Babu alikuja nayo Oman alipozuru ndugu zake wa Ibra, kabla ya 1964, naye ndiye aliyezitundika pamoja.

Nilipomweleza Shangazi, nilitaraji achukie. Alivaa miwani, akalitazama taji muda mrefu.

"Basi baba alinambia uwongo?"

"Hasha, Shangazi. Huenda naye aliambiwa hivyo hivyo."

"Mwaka gani tena?"

"Baada ya tisini na tatu."

Akanyamaza. Anajua tarehe zake vizuri kuliko mimi, na najua ilimpitia ile ile iliyonipitia: Aprili 1897, hukumu ya utumwa ilipofutwa Unguja, na babu zetu wakiwa na shamba la karafuu. Zama za Seyyid Said zilituweka mbali na mwaka huo. Taji lile limeturejesha ndani yake. Nilimuuliza bunduki ilikuwa ya nini shambani.

"Ya kima," alisema. "Walikuwa wakimaliza ndizi. Unashindilia baruti tupu na tambara, unapiga hewani, wanakimbia."

Hilo laafikiana na kilichotoka ndani ya kasiba. Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi watoto."

Niliandika vipande vitatu vya karatasi vya kufungwa kwenye bunduki. Cha katikati nilikiandika: Gumegume. Liège, si kabla ya 1893. Shangazi akakichukua, akachukua na kalamu yangu, akaongeza kwa hati zake za Kiarabu jina la shamba.